Kibali cha usalama Marekani: useme nini kuhusu bangi na miraa za zamani

Simu hizi huja jioni, watu wakishatoka kazini. Kijana amesomea kompyuta, amepata cheti cha Security+, na kampuni yenye mkataba na serikali imemwahidi kazi ya mshahara wa maana, mradi apate kibali cha usalama. Ametumiwa fomu. Amejaza anwani, shule, ndugu walioko nyumbani, kisha akafika sehemu ya 23 akakwama. "Kaka, hapa wanauliza mambo ya dawa za kulevya. Nijaze vipi?" Siku hizi nikisikia "nijaze vipi" najua jibu analo tayari. Anatafuta mtu wa kumruhusu asiliandike.

Ruhusa hiyo sina. Kibali ninacho, na nilikiomba nikiwa na bangi ya miaka ya chuo na miraa ya Mombasa, zote nikaziandika. Mimi si wakili, na mwenye kesi ngumu amtafute wakili wa mambo haya. Hapa karibu na Washington wapo tele. Ninachoweza kueleza ni jinsi shughuli yenyewe inavyokwenda ukiwa ndani yake, na kwa nini naamini hatari yetu sisi watu wa Afrika Mashariki haiko kwenye bangi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Kibali cha usalama ni ruhusa ya kuona habari za siri za serikali kuu ya Marekani. Ngazi zake ni tatu: Confidential, Secret na Top Secret. Huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima jeshi, idara ya serikali au kampuni ikudhamini, na kwa kawaida lazima uwe raia. Watu wetu huingilia milango michache. Kuna wa kompyuta, kama huyo wa simu. Kuna wanaojiunga na jeshi wakiwa na grinkadi, wakapata uraia wakiwa kazini, ndipo wakaomba. Na kuna wakalimani, maana Marekani ina kambi kubwa ya Lemonnier kule Djibouti na Kiswahili ni lugha inayohitajika ukanda ule. Mpango wa MAVNI, ulioanza 2008 na kusimamishwa 2016, uliwaandikisha jeshini hata watu wa viza za masomo kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo.

Fomu yenyewe ni SF-86, kurasa zaidi ya mia, siku hizi ikijazwa mtandaoni. Uchunguzi mwingi hufanywa na shirika la Wizara ya Ulinzi linaloitwa DCSA. Ukishatia sahihi, wanakwenda kwa majirani, kwa waajiri wako wa zamani, kwa watu uliowataja na kwa wengine ambao hukuwataja. Halafu wanakuja kwako.

Sehemu ya 23 inauliza kuhusu miaka saba iliyopita. Umetumia dawa gani, mara ya kwanza lini, mara ya mwisho lini, mara ngapi, je, una nia ya kutumia tena. Kuna maswali mengine yasiyo na kikomo cha miaka, kama vile iwapo umewahi kutumia ukiwa tayari na kibali. Na mwanzoni kabisa fomu inasema waziwazi kwamba inazungumzia sheria ya serikali kuu, hata kama jimbo lako linaruhusu. Hapo ndipo wengi huteleza. Virginia iliruhusu mtu mzima kuwa na bangi kidogo tangu Julai 2021, Maryland ikafuata Julai 2023, na maduka yake yana taa nzuri na foleni kama za duka la dawa. Lakini serikali kuu, chini ya sheria ya mwaka 1970 ya kudhibiti dawa za kulevya, haijaihalalisha. Ukinunua kihalali Baltimore Jumamosi, kwenye fomu hiyo ni matumizi ya dawa za kulevya kama kawaida. Kijana akiniambia, "Lakini huku si ni halali?" namwambia aisome tena aya ya kwanza ya sehemu hiyo, polepole.

Fomu nyingine mpya inaingizwa hatua kwa hatua kuchukua nafasi ya SF-86, nayo inaitenga bangi na dawa nyingine. Kwa hiyo usijibu kwa kukumbuka fomu ya rafiki yako. Soma swali lililo mbele yako na miaka inayotajwa humo.

Na dawa za kulevya si bangi na kokeni tu. Wanauliza pia kuhusu dawa za hospitali ulizotumia kinyume na maagizo ya daktari. Kidonge cha Adderall ulichopewa na mwenzako wakati wa mitihani kimo. Percocet ya mama mkwe uliyomeza siku mgongo ulipokubana imo. Kwetu mtu huingia duka la dawa akanunua tramadol kama anavyonunua Panadol, na akija huku na desturi ile ile haoni kwamba kuna cha kuripoti.

Basi, ukishaandika, nini hutokea? Wanaoamua wanafuata mwongozo unaoitwa SEAD 4, ulioanza kutumika Juni 2017, wenye vipengele 13 vya herufi A hadi M. Kipengele H ni cha dawa za kulevya. Kipengele E ni cha mwenendo wa mtu, na humo ndimo uongo unamokaa. Nilivisoma vyote viwili kabla sijagusa fomu, na nilichokiona kilinishangaza: kipengele H kimejaa milango ya kutokea. Kama ilikuwa zamani, au mara chache, au katika hali isiyoelekea kurudi, wanaweza kukusamehe. Kama umeachana na watu mliokuwa mkitumia pamoja, umebadilisha mazingira, na uko tayari kutia sahihi tamko kwamba hutatumia tena na kwamba ukirudia kibali kinafutwa, hilo nalo linahesabiwa upande wako. Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alitoa waraka uliosema kwamba bangi ya starehe ya zamani inaweza kuangaliwa lakini haitoshi peke yake kuamua. Maana yake ni kwamba mtu aliyevuta akiwa chuoni na kuacha anaweza kufunguliwa mlango, mradi aseme.

Kipengele E kina milango pia, ila ni myembamba. Ukidanganya kwa makusudi kwenye fomu, njia kubwa ya kujinasua ni kusahihisha mwenyewe, upesi na kwa nia njema, kabla hawajakuwekea ushahidi mezani. Baada ya hapo unapanda mlima. Mantiki yao si ngumu kuielewa. Bangi inawaambia ulichofanya Ijumaa moja ukiwa na miaka ishirini. Uongo unawaambia utakachofanya siku utakapopoteza tarakilishi yenye siri na hakuna aliyekuona.

Kuna jambo ambalo nikilieleza kwa watu wetu hawaniamini mpaka walisome wenyewe. Sehemu hiyo ya 23 inaahidi kwamba majibu yako ya kweli hayatatumika kama ushahidi wa kukushtaki katika kesi ya jinai. Kumbe upande wa pili kuna kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya Marekani: kuidanganya serikali kuu kwa makusudi kunaweza kukufunga hadi miaka mitano. Yaani hapo ukisema ulivuta hawakushtaki kwa maneno yako, ukisema hukuvuta ndipo unapofanya jinai. Sijui fomu nyingine ya serikali, ya huku au ya nyumbani, iliyopangwa hivyo.

Nyumbani tumefundwa kinyume. Mtu mzima mwenye mvi hawezi kuwasha sigara mbele ya baba yake. Jambo la aibu husitiriwa, na anayelitoa nje ndiye mwenye makosa. Na serikali, kwa mtu aliyekulia kwetu, ni askari wa doria usiku anayeuliza kipande; unajibu maneno machache iwezekanavyo ukitafuta njia ya kupita. Silaumu malezi hayo, yalituvusha. Ila ukiyabeba mpaka kwenye SF-86 yanakuchoma. Mjomba mmoja wa jumuiya yetu, mtu ninayemheshimu, aliniweka kando baada ya harusi, akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usijiandikie hukumu kwa mkono wako. Hawana ushahidi."

Nikamwambia, "Mjomba, ni kweli hawana. Lakini watakwenda kuwauliza niliokuwa nikikaa nao."

Akanyamaza kidogo. "Basi waambie hao nao wanyamaze."

Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote, na nimeusikia kwa watu wengi wema. Ukimwomba mtu akufichie, tayari umeshaongeza kosa la pili, na sasa kuna mtu mwingine anayeshikilia ufunguo wako. Anaweza kukufichia leo, mkagombana mwakani. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema wenyewe, kisha tunakaa kikao cha kupanga nani aseme nini.

Mahojiano yangu yalifanyika katika chumba kidogo cha mikutano pale kazini. Mchunguzi alikuwa bwana wa makamo, mpole, mwenye daftari na kalamu mbili. Tulipita anwani na kazi haraka. Tulipofika kwenye bangi alipunguza mwendo. Ulinunua au ulipewa? Aliyekupa alikuwa akiuza au ni rafiki? Mlikuwa wapi? Bado mnaonana? Uliwahi kwenda kazini umeitumia? Kwa nini uliacha? Utavuta tena? Hakukunja uso hata mara moja, wala hakutoa nasaha. Niliona kwamba alikuwa akilinganisha: niliyoandika, niliyokuwa nikisema, na pengine aliyokwisha kuambiwa na wengine.

Halafu tukafika kwenye miraa, na hapo kalamu ikasimama. Aliniomba nimtajie herufi moja moja, M-I-R-A-A, akauliza kama ni ya kuvuta, kunywa au kudunga. Nikamweleza: ni vichipukizi vya mti, Meru ndiko nyumbani kwake, hufungwa mafungu ndani ya majani ya mgomba. Unachuma ncha laini, unatafuna, unaiweka shavuni pamoja na chingamu ya Big-G, pembeni una karanga na soda, na kazi kubwa ni mazungumzo. Akauliza, "Inakufanya ujisikie vipi?" Nikamwambia nilikuwa nikiongea sana. Akaandika hilo pia.

Miraa inahitaji maneno ya ziada kwa sababu hakuna Mmarekani atakayekueleza. Ndani ya jani bichi kuna kemikali ya kathinoni, ambayo Marekani imeiweka tangu 1993 kwenye daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, daraja lile lile la heroini. Jani likikauka kathinoni hupungua na kubaki kathini, iliyoko daraja la nne. Huko Kenya miraa ni zao halali la kilimo. Hata muguka, aina mojawapo ya miraa, iliyopigwa marufuku na gavana wa Mombasa Mei 2024, marufuku yake ilisimamishwa na mahakama. Tanzania, wanakoiita mirungi, ni haramu. Uingereza iliipiga marufuku 2014. Kwa hiyo Mkenya aliyetafuna Majengo au Eastleigh anaweza kujenga hoja kwamba hakuvunja sheria yoyote, na Mtanzania aliyetafuna Arusha hana hoja hiyo. Yule aliyetumiwa kifurushi Minneapolis au Columbus hana hoja kabisa, awe wa wapi, na akiwa ndiye aliyekipokea kwa posta, hilo ni suala zito kuliko kutafuna. Ya Mombasa niliiandika, nikaeleza katika nafasi ya maelezo kwamba ni zao halali kule na kwamba huku sijawahi kuigusa. Wengine wataona nilijiongezea mzigo. Mimi naona heri wakutane nalo kwa maneno yangu kuliko kwa maneno ya jirani.

Lakini ukweli si kumwaga kila kitu. Kama swali ni la miaka saba na mara yako ya mwisho ni miaka kumi iliyopita, jibu la kweli ni hapana, na hakuna anayekutaka ujipake matope. Kuna watu waoga wanaoandika hadi vituko vya utotoni, wakawapa wachunguzi kazi ya miezi bila sababu. Jibu swali lililoulizwa, lote, si zaidi.

Na "lote" ni neno la kuangalia. Nimeona watu wakiandika "mara mbili au tatu," kisha kwenye mahojiano, akibanwa kidogo, inakuwa "wikendi nyingine," halafu "tuseme karibu kila mwezi kwa mwaka mzima." Kila ngazi anayoshuka inaandikwa. Mwisho wa siku hakuna tatizo la bangi tena, kuna tatizo la mtu ambaye ukweli unamtoka kwa vipande. Kama hukumbuki mwezi, fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba ni makadirio. Kama hujui ni mara ngapi, kadiria juu, usikadirie chini.

Rafiki yangu mmoja, namsimulia kwa idhini yake, alikuwa amevuta mara chache sana, pungufu yangu. Akaandika hapana. Akapata Secret, akafanya kazi miaka, akaoa, akanunua nyumba. Kisha ikaja kazi bora zaidi, yenye kipimo cha mashine ya uongo. Wasiojua hudhani mashine ndiyo inayokamata watu. Mashine haijawashwa hata. Kwanza mnakaa mkizungumza, na yule afisa anakuuliza kwa upole kama kuna jambo lolote kwenye fomu zako ungependa kulifafanua. Rafiki yangu alilifafanua. Kazi mpya ikaota mbawa, na habari ikarudi kwenye kibali chake cha zamani. Alipotumiwa hati ya sababu, yaani barua ya kueleza kwa nini wanataka kumnyima kibali, alinipa niisome. Bangi ilikuwa imezeeka kiasi cha kutoulizwa tena. Hoja zote zilikuwa za kipengele E: tarehe fulani ulijibu hapana, ukijua si kweli. Yule bwana angeandika "ndiyo" tangu mwanzo, pengine angechelewa miezi michache tu.

Kwetu wahamiaji kuna tata nyingine ambayo Wamarekani wa kuzaliwa hawana: karatasi zetu ni nyingi, na zinakutana. Daktari wa vipimo vya viza kule Nairobi au Dar alikuuliza kama umewahi kutumia dawa za kulevya. Fomu ya uraia, N-400, ina maswali yake kuhusu uhalifu hata ule ambao hukukamatwa. Kama ulipitia jeshini, ulijaza karatasi za afya siku ya kuandikishwa. Mtu alijibu hapana kote huko, kwa sababu ya woga au kwa sababu mtu wa kumwandikisha alimwambia "weka hapana tu, tusonge mbele." Sasa SF-86 iko mbele yake. Akisema ndiyo anapingana na karatasi zake mwenyewe. Akisema hapana anaongeza uongo mwingine. Kumlaumu aliyekuandikisha kwa kawaida hakukufikishi mbali, sahihi ni yako. Hapa ndipo nasema bila kusita: usijaze chochote mpaka umekaa na wakili wa uhamiaji, na ikiwezekana na wa vibali pia. Uraia uliopatikana kwa kuficha jambo la msingi unaweza kupingwa mahakamani. Si jambo la kuuliza kwenye kikundi cha WhatsApp.

Na ambaye bado yuko na grinkadi, asichukue makala hii akaenda kuropoka. Kwa asiye raia, kukiri matumizi ya bangi, hata iliyo halali jimboni, kunaweza kuvuruga ombi la uraia na hata makazi yenyewe. Mamlaka ya uhamiaji iliweka hilo la uraia wazi katika mwongozo wake wa Aprili 2019. Dawa yake ni kutokuivuta kabisa, na kuzungumza na wakili kama ulishavuta.

Nisiwadanganye kwamba ukweli hauna gharama. Kibali cha muda, kile kinachokuwezesha kuanza kazi uchunguzi ukiendelea, mara nyingi hakitoki ukiwa umeandika matumizi ya karibuni. Kampuni inaweza kuchoka kusubiri, na sheria haiilazimishi kukuwekea nafasi. Mimi nilibaki kwenye kazi ya zamani miezi kadhaa nikiwaona wenzangu wakianza. Baadhi ya idara zina masharti yao ya kuajiri kabla hata ya kufika kwenye kibali: FBI, kwa mfano, haimpokei aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, na kwa dawa nyingine inataka iwe imepita miaka kumi. Kama ulivuta mwezi uliopita, ushauri wangu ni usiombe sasa. Acha, subiri, jenga umbali. Umbali ndio unaohesabiwa.

Siku ya kutia sahihi fomu ni mpaka. Waraka ule wa Haines unasema uchunguzi unahesabiwa umeanza hapo. Anayevuta baada ya tarehe hiyo ameshaambiwa kwa maandishi na amevuta, na hilo hulifafanui kwa ujana. Kadhalika lile swali la nia ya kutumia tena. Nimekutana na mtu aliyeandika kwamba huenda, kwa kuwa jimboni ni halali. Alifikiri anakuwa mkweli, na kweli alikuwa mkweli, ila ni mkweli asiye tayari kwa kazi hiyo. Tangu 2008 kuna sheria inayokataza kumpa kibali mtu ambaye bado anatumia.

Mambo ya nyumbani nayo yanaingia. Mke au mume akiwa na peremende za bangi kwenye friji, si lako kisheria, lakini utaulizwa unaishi nazo vipi. Mafuta ya CBD, yatokanayo na mmea wa jamii ya bangi, ambayo shangazi anapaka magotini yanaweza kuwa na THC, kile kinacholevya kwenye bangi, kwa kiasi kinachozidi asilimia 0.3 inayoruhusiwa, na ukiyatumia nawe kikaonekana kwenye mkojo wako hakuna atakayemuuliza shangazi. Hata hisa: kununua kwa kujua hisa za kampuni ya bangi kunaweza kuhesabiwa dhidi yako. Nilipokipata kibali niliwaambia wote wanaoingia nyumbani kwangu, waziwazi, na walionicheka niliwaacha wacheke.

Ukikataliwa, au wakionyesha dalili za kukataa, utatumiwa hati ya sababu. Kwa watu wa kampuni zenye mikataba na Wizara ya Ulinzi muda wa kujibu ni siku 20, na unaweza kuomba kusikilizwa na hakimu wa ofisi iitwayo DOHA, ambayo makao yake ni Arlington, Virginia. Usiipuuze barua hiyo wala usiijibu kwa hasira. Pia usiende na hoja kwamba una haki ya kibali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1988, katika kesi ya Navy dhidi ya Egan, kwamba hakuna mwenye haki hiyo, na shaka yoyote huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Nenda na ushahidi: vipimo vya mkojo safi, tathmini ya mtaalamu, barua za wasimamizi wanaojua ulichofanya, si barua za sifa tupu kutoka kwa mchungaji au imamu ambaye hujamwambia kitu. Hukumu za DOHA huwekwa mtandaoni majina yakiwa yameondolewa. Zisome kabla ya kujaza fomu, hata ishirini tu. Utaona mtu wa bangi ya miaka mitano nyuma anapita, na mwenye bangi pungufu aliyeificha anaanguka, ukurasa kwa ukurasa.

Aliyekwisha kudanganya na bado hajaulizwa ana njia. Aende kwa wakili wiki hii, kisha kwa afisa usalama wa kampuni yake, asahihishe kwa maandishi. Itauma, na huenda kibali kikasimamishwa. Lakini siku ya uchunguzi mpya inakuja. Siku hizi hawangojei hata miaka mitano au kumi, kumbukumbu zinapitiwa na mashine wakati wote.

Na ukishakipata, Desemba ya kwenda nyumbani inabadilika kidogo. Safari ya nje ya nchi unairipoti kabla ya kuondoka. Ukifika Mombasa, maskani ni yale yale, na washikaji watakusogezea fungu kama zamani bila kujua lolote kuhusu kathinoni. Kwamba Kenya ni halali hakukulindi: ukitumia ukiwa na kibali, swali linaulizwa upya, na safari hii lile la "umewahi" lisilo na kikomo cha miaka. Mimi huwaambia daktari amenikataza, wananiletea kahawa chungu na kashata, tunaongea mpaka usiku wa manane. Ndiyo, najua, hapo nimedanganya. Lakini washikaji wangu hawajanipa fomu ya kutia sahihi.